Fedha Isiyo na Fedha: Habari za Madini ya Sarafu za Afrika ya Mashariki

Neno fedha katika Kiswahili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni yale madini meupe yang'aayo ambayo masonara huyafulia pete, vikuku na mikufu. Maana ya pili ni kitu cha kununulia na kuuzia, yaani noti na sarafu. Hapo zamani maana hizo mbili zilikaa pamoja katika kitu kimoja. Mtu aliyeshika rupia mkononi alishika fedha kweli kweli, na kama hakutaka kuipeleka dukani, aliweza kuipeleka kwa sonara ikafuliwa kikuku cha bibi arusi. Siku hizi sivyo. Shilingi ya Kenya iliyotolewa mwaka 2018, yenye picha ya twiga, ni chuma kilichovikwa nikeli nyembamba kwa nje. Haimo ndani yake hata chembe moja ya fedha, walakini jina lake halikubadilika.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Yalichukua zaidi ya miaka mia, na kila badiliko lilikuwa na sababu yake. Wako watu wasemao kwamba shilingi ilipoteza nguvu siku ile ilipofanywa nyepesi, na kwamba laiti ingaliendelea kuwa ya fedha, bei za vitu zisingalipanda. Maneno hayo yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa mkulima auzaye kahawa na karani apokeaye mshahara wote wawili hutegemea kitu hicho kimoja. Asiyejua ni nini kinachokipa thamani ni rahisi kupata hasara, kama ilivyowapata wengi katika miaka ya 1920 na 1921.

RIALI NA RUPIA

Kabla ya rupia kuenea katika nchi hizi, wafanya biashara wa pwani walitumia riali ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Riali hiyo ilikuwa na ajabu yake: mwaka ulioandikwa juu yake ulikuwa 1780 sikuzote, hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu sita za uzito huo, tano zilikuwa fedha safi. Watu hawakuuliza habari za mtawala aliyeitoa, wala hawakujali kwamba alikwisha kufa zamani. Waliitazama sura, wakaipima uzito, wakaipokea. Thumuni ambayo baadaye ilikuwa jina la senti hamsini ilipata jina lake katika hesabu za wakati huo, maana neno lenyewe ni la Kiarabu nalo maana yake ni sehemu ya nane.

Baadaye rupia ya Kihindi ikaenea. Uzito wake ulikuwa gramu 11.66, na sehemu kumi na moja katika kumi na mbili zilikuwa fedha safi. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa ruhusa ya kutawala sehemu hizi ilitoa rupia zake yenyewe mwaka 1888, zenye jina la Mombasa, na uzito wake ukafuata ule wa rupia ya Kihindi ili watu wasizikatae.

Pamoja na rupia zilikuwako sarafu ndogo za shaba. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani, na mwaka ulioandikwa juu yake ni 1299 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1882. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Jina hili pesa limetoka Bara Hindi, na watu wamelitumia hata leo ijapokuwa pesa yenyewe ilikwisha kutoweka. Kadhalika Wajerumani upande wa Tanganyika walipoacha hesabu ya pesa 64 mwaka 1904, wakaigawanya rupia yao katika heller 100, ndipo likapatikana neno hela. Basi lugha imehifadhi habari ambazo sarafu zenyewe hazikuweza kuzihifadhi.

Katika zile pesa za shaba ndimo lilimo jambo kubwa la habari hii. Shaba iliyokuwamo ndani ya pesa moja haikuwa na bei ya pesa moja. Ilikuwa na bei ndogo zaidi. Mwenye duka aliipokea si kwa ajili ya shaba, bali kwa kuwa alijua akikusanya 64 atapewa rupia. Yaani pesa ile ilikuwa ahadi iliyopigwa chapa juu ya shaba. Na hata rupia yenyewe ilikuwa imeanza kuwa hivyo. Mwaka 1893 Serikali ya India ilikataza watu kuleta fedha yao kiwandani ili ipigwe rupia, na baadaye rupia ikawekwa kuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza, hata fedha iliyokuwamo ilipokuwa na bei ndogo kuliko hiyo. Watu waliishika rupia wakidhani wameshika madini, kumbe sehemu ya thamani yake ilikuwa amri ya Serikali.

SENTI ZILIZOLIWA NA JASHO

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Serikali ya Kiingereza iliiacha rupia iwe fedha kuu ya nchi hizi, lakini ikaigawanya katika senti 100. Senti hamsini na senti ishirini na tano zilipigwa kwa fedha, sehemu nne katika tano. Kwa senti ndogo kabisa yakachaguliwa madini ambayo wakati huo yalikuwa mapya, nayo ni alumini. Senti moja ya alumini ilitoka mwaka 1907, na nusu senti mwaka 1908.

Alumini ni nyepesi, tena ni nyeupe na nzuri kutazamwa. Lakini sarafu hukaa katika mikono yenye jasho, na huku pwani hukaa katika hewa yenye chumvi. Haikupita muda sarafu zile zikaanza kulika na kuharibika. Huko Afrika ya Magharibi pia Waingereza walikuwa wamejaribu alumini kwa sarafu yao ndogo kabisa, nako ikashindwa vile vile. Kwa hiyo mwaka 1909 senti moja na nusu senti za Afrika ya Mashariki zilipigwa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli, madini magumu yasiyoliwa upesi na chumvi wala na jasho.

Funzo lake ni jepesi. Madini ya sarafu yapasa kuwa rahisi, lakini yasiwe rahisi mno hata yakashindwa kazi. Sarafu hupita katika maelfu ya mikono, huanguka mchangani, hunyeshewa mvua, hufungwa katika pindo la kanga, na baada ya miaka ishirini yapasa chapa yake isomeke. Senti hizo zilitobolewa tundu katikati, na tundu hilo lilikuwa na faida mbili: madini yalipunguzwa, na mtu asiyekuwa na mfuko aliweza kuzitunga senti zake katika uzi kama shanga.

SARAFU ZA TABORA

Upande wa Wajerumani nako mambo yalibadilika. Walikuwa wametoa heller tano ya shaba yenye uzito wa gramu 20, ambayo mtu akiwa na kumi alichukua mzigo wa gramu 200 kwa ajili ya nusu rupia. Mwaka 1913 ikatolewa heller tano nyingine, ndogo, ya shaba na nikeli, yenye tundu.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914. Manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, sarafu zisiweze kuletwa kutoka Ulaya. Wajerumani wakafanya sarafu zao wenyewe mwaka 1916 huko Tabora, katika karakana ya reli. Heller tano zilipigwa kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Heller ishirini zilipigwa nyingine kwa shaba ya njano na nyingine kwa shaba nyekundu, kwa kadiri ya madini yaliyopatikana. Tena wakapiga dhahabu ya machimbo ya Sekenke, wakafanya sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na milima nyuma yake.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliuteka mji wa Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha. Yafaa kuangalia jambo lililozipata sarafu hizo. Zile za shaba ya njano zilikuwa ahadi ya Serikali, na Serikali ile ilipoondoka, nguvu ya ahadi yake iliondoka pamoja nayo. Lakini mwenye ile ya dhahabu hakupoteza kitu, maana dhahabu haiulizi ni nani anayetawala. Hiyo ndiyo tofauti ya sarafu ya thamani ya madini na sarafu ya ahadi: ya pili haiwezi kupita nguvu za yule aliyeitoa.

MIAKA YA TAABU: 1920 NA 1921

Baada ya vita hiyo likatokea jambo ambalo wachache walilitazamia. Bei ya madini ya fedha ilipanda duniani kote. Mwezi wa Februari 1920 aunsi moja ya fedha ilifika karibu peni 90 huko London. Rupia iliyowekwa kuwa sawa na shilingi moja na peni nne ikawa ina fedha ndani yake yenye bei kubwa kuliko hiyo. Basi ikawa faida kuiyeyusha kuliko kuitumia. Sarafu ya namna hiyo haikai sokoni. Hufichwa, au husafirishwa, au huingia katika chungu cha sonara.

Kabla ya hapo rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 Serikali ya Uingereza iliamua kwamba katika Afrika ya Mashariki rupia moja iwe shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni moja. Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa London mwezi wa Desemba 1919, ikatoa sarafu mpya iitwayo florini badala ya rupia. Uzito wake ulikuwa ule ule wa rupia, lakini nusu tu ilikuwa fedha. Florini haikudumu. Mwaka 1921 iliamuliwa kwamba fedha ya nchi hizi iwe shilingi ya senti 100, na florini moja iwe shilingi mbili.

Mtu akipiga hesabu ya madini ataona ajabu. Rupia ya zamani ilikuwa na fedha safi gramu 10 na zaidi ya nusu. Florini ya 1920, iliyokuwa na bei ile ile moja, ilikuwa na gramu zisizotimia 6. Shilingi mbili za 1921 zikawa na gramu zisizotimia 4, kwa maana shilingi ilikuwa robo tu ya fedha na sehemu nyingine zote zilikuwa madini ya bei rahisi. Hivyo katika muda usiozidi miaka miwili, zaidi ya nusu ya fedha iliondolewa katika sarafu, na bei iliyoandikwa ikabaki pale pale.

Je, hapo ndipo watu walipopata hasara? Hapana, hasara ilipitia mlango mwingine. Haikuwa katika madini bali katika hesabu. Mkulima wa Kizungu aliyekopa benki rupia 1,500 alikuwa amekopa pauni 100. Baada ya badiliko hilo akawa anadaiwa pauni 150, naye hakupata hata jembe moja zaidi. Mfanya kazi aliyelipwa rupia sita kwa mwezi alikuwa akipata shilingi nane za Kiingereza; sasa zikawa kumi na mbili. Waajiri waliona mzigo umewazidi, na bei za mazao zilipoanguka mwaka 1921, walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Lakini kodi haikupunguzwa pamoja na mishahara. Kodi ya rupia nane ikawa shilingi kumi na sita, na mtu alitakiwa kuilipa kwa mshahara uliokatwa. Hayo yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, na katika mwaka 1922 kodi ilishushwa ikawa shilingi kumi na mbili.

Tena kulikuwa na mtego wa senti. Senti ya zamani ilikuwa sehemu ya mia ya rupia. Senti mpya ilikuwa sehemu ya mia ya shilingi. Rupia moja ilikuwa shilingi mbili, kwa hiyo senti moja ya zamani ilistahili kuwa senti mbili mpya. Lakini juu ya zote mbili liliandikwa neno lile lile, senti. Mtu asiyejua hesabu hiyo, akiwa na uzi wake wa senti za nikeli alizojiwekea miaka mingi, aliweza kupoteza nusu ya akiba yake mezani pa mwenye duka bila kujua kwamba amepoteza kitu.

Bodi yenyewe nayo ilipata hasara. Ilikuwa imeahidi kupokea rupia kwa shilingi mbili, lakini bei ya fedha duniani ilikuwa imekwisha kuanguka. Rupia zilizokusanywa zilipouzwa kuwa madini matupu hazikurudisha shilingi mbili zilizolipwa, na kwa hiyo Bodi ilianza kazi yake ikiwa na upungufu katika akiba yake. Hata hivyo ahadi ilitimizwa, na shilingi ile yenye picha ya simba na milima ikakubaliwa kutoka Mombasa mpaka Kigoma.

DENI LA FEDHA LA UINGEREZA

Shilingi ya robo fedha ilidumu miaka ishirini na mitano. Katika Vita ya Pili meli zilikuwa chache tena, kwa hiyo shilingi nyingi za miaka 1941 mpaka 1943 zilipigwa Bombay, nazo zina herufi I, na za 1944 mpaka 1946 zilipigwa Pretoria, nazo zina herufi SA.

Vita ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na deni kwa Marekani. Wakati wa vita ilikuwa imeazimwa fedha nyingi, nayo ilitakiwa irudishwe kwa uzito, si kwa noti. Hesabu yake ilikuwa karibu aunsi milioni 88. Uingereza haina machimbo makubwa ya fedha, bali ilikuwa na fedha iliyokuwamo mifukoni mwa watu wake. Basi kwa sheria ya mwaka 1946 sarafu zake za fedha zilianza kubadilishwa kuwa za shaba na nikeli, sehemu tatu shaba na moja nikeli, na zile za zamani zikakusanywa na kuyeyushwa. Afrika ya Mashariki ikafuata mfano huo. Shilingi na senti hamsini za mwaka 1948 hazikuwa na fedha ndani yake.

Hapa ndipo penye ushahidi ulio wazi kuliko wote. Shilingi ya 1946 na shilingi ya 1948 zilikuwa karibu sawa kwa ukubwa na kwa uzito. Moja ilikuwa na fedha karibu gramu mbili, nyingine haikuwa nayo kabisa. Lakini dukani zote mbili zilinunua kitu kile kile, na karani wa kodi alizihesabu pamoja. Kama nguvu ya shilingi ingalikuwa katika fedha iliyomo, shilingi ya 1948 ingalikataliwa siku ya kwanza.

BAADA YA UHURU

Bodi ya Fedha ilikwisha baada ya nchi hizi kupata Uhuru. Mwaka 1966 kila nchi ilifungua benki yake kuu na kutoa sarafu zake. Tanzania iliweka sulisuli juu ya senti tano, mbuni juu ya senti ishirini, sungura juu ya senti hamsini, na mwenge juu ya shilingi. Kenya ilitoa senti tano na senti kumi za shaba ya njano yenye nikeli, zisizo na tundu, na sarafu kubwa zikawa za shaba na nikeli kama zamani.

Kwa miaka michache mambo yalitulia. Lakini kuanzia miaka ya 1970 bei za vitu zilianza kupanda kwa haraka, na ndipo sarafu ndogo zilipoanza kuwa mzigo kwa Serikali. Hesabu yake si ngumu. Kupiga sarafu kuna gharama ya madini, ya mashine na ya kusafirisha. Ikiwa gharama hiyo ni senti tatu na sarafu ni ya senti tano, Serikali hupata faida ya senti mbili. Gharama ikipanda ikawa senti nane, kila sarafu inayotolewa ni hasara ya senti tatu, na mjanja akiweza kuiyeyusha akauza shaba yake, atafanya hivyo. Wakati huo huo mwananchi ameanza kuitupa sarafu hiyo, kwa kuwa haimnunulii hata njiti ya kiberiti.

Dawa iliyotumika ilikuwa chuma. Chuma ni rahisi kuliko shaba na nikeli, lakini kina ubaya wake, maana hushika kutu. Kwa hiyo huvikwa ngozi nyembamba ya madini yasiyoshika kutu. Uganda ilianza katika miaka ya 1970, ikatoa sarafu ndogo za chuma kilichovikwa shaba. Shilingi ya Tanzania ya mwaka 1987 ilikuwa chuma kilichovikwa nikeli. Kenya ilingojea mpaka miaka ya 1990. Mwaka 1993 bei za vitu katika Kenya zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata ilitoka sarafu ya shilingi kumi ya madini mawili, kati yake rangi moja na pembeni rangi nyingine. Katika mwaka 1995 shilingi moja ikawa chuma kilichovikwa shaba ya njano, na mwaka 2005 ikavikwa nikeli.

Sarafu za madini mawili zina faida ya pekee. Zinatambulikana upesi kwa macho, na kazi ya kuunganisha vipande viwili ni ngumu kwa mtu anayetaka kuzighushi nyumbani kwake. Kwa hiyo mwaka 2018, Kenya ilipotoa sarafu zenye picha za wanyama ili kutimiza Katiba ya 2010 isiyoruhusu sura ya mtu juu ya fedha, shilingi tano ya kifaru, shilingi kumi ya simba na shilingi ishirini ya ndovu zilibaki kuwa za madini mawili.

Ukizitazama tarehe hizo kwa utaratibu, utaona lipi lilitangulia. Bei zilipanda mwaka 1993. Madini ya shilingi yakabadilika mwaka 1995. Shilingi haikupoteza nguvu kwa sababu ilifanywa chuma. Ilifanywa chuma kwa sababu ilikwisha kupoteza nguvu.

JINSI YA KUZITAMBUA

Mwenye mkebe wa sarafu za zamani aweza kujua madini yake bila fundi. Kwanza, atwae sumaku. Sarafu ya chuma, hata ikiwa imevikwa shaba au nikeli, huirukia sumaku. Sarafu ya fedha, ya shaba, ya shaba ya njano, au ya shaba na nikeli haivutwi. Mtu asidanganyike kwa rangi, maana rangi ni ya ngozi tu.

Pili, asome mwaka. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1946 au ya kabla yake ina robo ya fedha. Ile ya 1948 na baada yake haina. Sarafu hizo hazitumiki tena sokoni, lakini zile za kwanza zina fedha karibu gramu mbili kila moja, na mwenye nazo asikubali kuzitoa kwa bei ya kitu cha kuchezea watoto kabla ya kuuliza bei ya fedha.

Tatu, asizisugue kwa mchanga wala kwa majivu ili zing'ae. Wanunuzi wa sarafu za kale hutaka zile zilizo na chapa kamili, na kusugua huiondoa chapa na kupunguza bei.

THAMANI INAKAA WAPI?

Basi, ikiwa fedha haimo tena ndani ya fedha, thamani yake inakaa wapi? Inakaa mahali patatu. Kwanza, Serikali yenyewe huipokea kwa kodi na malipo yake. Pili, benki kuu huipima kadiri inayotolewa, isizidi mno mali iliyoko sokoni. Kwa maana shilingi zikiongezeka haraka kuliko mahindi, maziwa na nguo, kila moja itanunua kidogo. Tatu, mwuzaji huipokea leo kwa kuwa anaamini kwamba kesho naye itapokewa kwake. Moja katika hayo likilegea, hakuna madini yatakayoiokoa shilingi, isipokuwa yawe na bei kubwa kuliko yenyewe, na hapo itakimbilia katika chungu cha sonara kama rupia za 1920.

Wahenga walisema akiba haiozi. Maneno hayo ni kweli kwa mtama uliokauka vizuri ghalani, na yalikuwa kweli kwa riali iliyozikwa chini ya kitanda, maana riali ilikuwa na fedha yake ndani. Lakini shilingi ya chuma iliyozikwa huoza kwa namna mbili: ngozi yake ikitoboka chuma kitashika kutu, na hata isiposhika kutu, bei za vitu zitapanda wakati yenyewe imelala. Mtu aliyefukia shilingi 1,000 mwanzoni mwa mwaka 1993 akazifukua mwisho wake, alizikuta zote 1,000, wala hapana aliyemwibia. Walakini vitu alivyoweza kununua kwa shilingi 1,000 alipozifukia, sasa vilitaka shilingi 1,400 na zaidi.

Kwa hiyo mwenye busara hapimi fedha yake kwa uzito wala kwa mlio wake juu ya meza. Huipima kwa madebe ya mahindi, kwa mabati ya nyumba na kwa karo ya mtoto, na huuliza kila mwaka kama zile zile bado zanunua vile vile. Akiona zinapungua, hazifungi katika mkebe. Huzitia katika ng'ombe wa maziwa, katika miche ya kahawa, katika chama cha ushirika, au katika benki itoayo faida isiyopitwa na bei za sokoni. Na siku Serikali itakapotangaza sarafu mpya, jambo la kwanza atakalouliza si kama inang'aa. Atauliza moja ya zamani ni ngapi za mpya, naye ataipiga hesabu hiyo mwenyewe kabla hajafika mezani pa mwenye duka.